Maparachichi ya Hai: Dar au Mombasa, na ile dola elfu moja iko wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi wilayani Hai, Kilimanjaro. Msimu ukichanganya tunatoa kontena moja la baridi kila wiki mbili, na mteja wetu yuko Uholanzi. Miaka yote tumepitia bandari ya Dar es Salaam. Sasa kijana wetu wa hesabu ameleta jedwali la Benki ya Dunia la gharama za kutoa mzigo mpakani: Tanzania dola 1,175, Kenya dola 143. Anasema kila kontena tunatupa dola elfu moja, kwa hiyo tuhamie Mombasa, na ikibidi tufungue kampuni upande wa Taveta ili mzigo uhesabike wa Kenya. Wazee wamegawanyika. Tushauri.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimgombeze kijana. Namba alizoleta zipo na amezisoma sawasawa. Zimetoka kwenye ripoti ya Doing Business ya Benki ya Dunia, toleo la 2020, na si yeye wa kwanza kuniletea. Shida ni kwamba jedwali lile halijawahi kuliona kontena lenu.

Tuanze na umri wake. Toleo la 2020 lilitoka Oktoba 2019, na takwimu zake zinaishia Mei ya mwaka huo. Tangu hapo bandari ya Dar imebadilisha hata waendeshaji, na Oktoba 2023 serikali ilisaini na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, mkataba wa miaka 30 kwa sehemu ya gati zake. Ripoti yenyewe ilifutwa Septemba 2021, baada ya kugundulika kuwa takwimu za nchi kadhaa zilichezewa katika toleo la 2018 na la 2020. Tanzania na Kenya hazikuwamo kwenye nchi zilizotajwa, kwa hiyo sisemi namba hizi ni za uongo. Ni za zamani, na zilipima kitu kingine.

Zilipima kitu gani? Dola 1,175 na 143 ni gharama za forodha, ukaguzi wa mamlaka nyingine, na kuhudumia mzigo bandarini au mpakani. Basi. Nauli ya lori kutoka ghalani hadi bandarini haimo. Nauli ya meli haimo. Halafu kila nchi ilipimwa kwa bidhaa yake kuu, kwa mnunuzi wake wa kawaida, kupitia mpaka ambao mzigo huo hupita, kwa hiyo nchi moja inaweza kupimwa kwenye gati la bandari na jirani yake kwenye geti la nchi kavu, kisha namba zao zikapangwa safu moja kama vile ni kilo na kilo.

Kuna jambo moja hapa hunichekesha kila nikilikumbuka. Kabla ya kanuni hiyo, ripoti hiyo hiyo ilikuwa inapima gharama ya kontena zima kutoka mji mkubwa wa biashara hadi melini, usafiri wa nchi kavu ukiwemo. Tazama toleo la 2014: Kenya ni zaidi ya dola 2,200 kwa kontena, Tanzania ni kama dola 1,100. Yaani Kenya ilikuwa ghali mara mbili! Hakuna aliyehamisha bandari. Kenya ilipimwa kuanzia Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka baharini. Tanzania ilipimwa kuanzia Dar es Salaam, ambako kati ya ghala na gati kuna foleni ya Kurasini tu. Kanuni ikabadilishwa, usafiri wa barabara ukatolewa kwenye hesabu, na jedwali likapinduka miguu juu. Kijana wenu angelipata lile la 2014, leo angekuwa anawashauri wakulima wa Taita walete maparachichi yao Dar.

Na kipimo kile cha zamani kilieleza wazi kwamba kontena linalozungumzwa ni la futi 20, lenye mzigo usiohitaji ubaridi. Lenu ni la futi 40, lina mashine inayokula umeme au dizeli kila saa, na ndani yake mna tunda linalohema.

Sasa chukueni kalamu. Kontena la futi 40 la baridi, mkilipanga vizuri, linabeba paleti 20 za katoni 264, yaani katoni 5,280 za kilo nne nne. Hizo ni kilo 21,120. Tuseme kijana yuko sahihi kabisa na tofauti yote ya dola 1,032 mnaiweka mfukoni. Gawanyeni: ni chini kidogo ya senti tano za dola kwa kilo, au kama senti 20 kwa katoni. Siidharau, kwa mkulima wa miti arobaini hiyo ni ada ya mtoto. Lakini iwekeni pembeni ya hesabu nyingine. Matunda yakifika Rotterdam yamelainika, mnunuzi akakata nusu euro kwa katoni, mmepoteza euro 2,640. Nusu euro kwa katoni si hadithi ya kutisha, ni jambo la kawaida kwa kontena lililochelewa wiki moja. Na kama mnauza mali kauli, kama wengi wa huko mlimani, mnunuzi anauza kwanza, anatoa gharama zake, ndipo anawatumia kilichobaki. Kila siku iliyopotea njiani ni yenu, si yake.

Ndiyo maana mtu akiniuliza nchi gani ni rahisi kutoa mzigo, mimi humuuliza kontena lake tupu linatoka wapi.

Hapo ndipo pesa ilipojificha. Makontena ya baridi hayakai Hai wala Moshi yakiwasubiri. Bidhaa za friza zinazopanda kuja Kilimanjaro ni chache, kwa hiyo kontena tupu lazima lipandishwe kutoka bandarini, lijazwe, lishuke. Mnalipia safari mbili. Kutoka Bomang'ombe kwenda Dar ni karibu kilomita 600. Kwenda na kurudi, 1,200. Kutoka hapo hapo kwenda Mombasa kwa Himo, Holili, Taveta, Mwatate na Voi ni kilomita 300 na kitu, na tangu kipande cha Taveta hadi Mwatate kiwekwe lami njia hiyo ni ya kuaminika hata masika. Kwa barabara peke yake Mombasa inashinda, wala sibishani. Wazee wanaokumbuka vumbi la Taveta wanakumbuka barabara ambayo haipo tena.

Ila bei ya lori haifuati kilomita peke yake. Mnahitaji lori lenye jenseti, ile jenereta inayofungwa kwenye trela ili mashine ya kontena isizime. Upande wa Dar gharama ya jenseti mara nyingi mtaikuta ndani ya bei ya msafirishaji. Upande wa Mombasa nimeona profoma nyingi nzuri, yaani karatasi za makadirio ya bei kabla ya kazi, za bei ya kuvutia, zisizo na mstari wa jenseti. Inakuja kutokea baadaye, kwa siku, kwa dola. Mashine inakula kama lita tatu za dizeli kwa saa, na lori lililosimama mpakani linakula sawa na lililo barabarani.

Ngoja niwape kisa changu, na kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Miaka michache kabla ya Korona nilikuwa napeleka kontena la mteja wa Moshi kupitia Kenya. Ijumaa jioni lori limefika mpakani, karatasi zote ziko sawa, dereva ameshaagiza chai. Afisa anainama nyuma ya kontena na tochi, anasoma namba ya lakiri, ile kufuli ya chuma inayozibia mlango wa kontena, anasoma karatasi, anasoma lakiri tena. Mwisho wa namba kwenye chuma ni 69. Kwenye karatasi nimeandika 96. Ni tarakimu mbili zimegeuzana tu, lakini lakiri isiyolingana na hati ni lakiri ambayo huenda imefunguliwa, na hakuna afisa mwenye akili atakayeipitisha. Marekebisho yakataka yaanzie kwenye mfumo wa huku, yapite, yaonekane kule. Tukatoka Jumatatu mchana. Dereva alikuwa ananunua dizeli kwa madumu na kunipigia kila asubuhi kuniambia kioo cha kontena kinasoma nyuzi ngapi: tano na nusu, tano na nusu, sita, tano na nusu. Matunda hayakuoza. Lakini bandari ilikuwa imefunga kupokea makontena ya meli yetu tangu Jumapili, na meli iliyofuata ilikuja baada ya siku tisa. Tofauti ya bei Ulaya niliigawana na mteja, na mwaka ule sikupaka nyumba rangi.

Kosa lile lile ningelifanya njia ya Dar, ningelirekebisha ofisi moja, nchi moja, mchana mmoja. Hicho ndicho mpaka unachokula. Si ada. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kinafanya kazi tangu 2016, mnakaguliwa mara moja badala ya mbili, na siku nzuri lori linapita ndani ya saa chache. Lakini kupitisha mzigo nchi ya pili kunataka dhamana ya forodha (ahadi ya kulipa ushuru mzigo ukipotelea nchi hiyo), lakiri ya kielektroniki ya kufuatilia lori, kadi ya njano ya bima kama lori ni la Tanzania, na mara nyingi mawakala wawili, mmoja huku na mmoja kule. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vyote pamoja ni watu wengi zaidi ambao mmoja wao anaweza kugeuza 69 ikawa 96.

Njia ya Dar nayo ina yake. Ni ndefu, na dereva akishapita Segera anafika Msata anaanza kupiga hesabu: aingie Chalinze akakutane na mizani ya Vigwaza na malori yote ya Zambia na Kongo, au akate Bagamoyo. Ni usiku mzima na zaidi. Ila hakuna dhamana ya kupita nchi nyingine, na wakala ni mmoja, mnayemjua kwa sura.

Tuje kwenye meli, maana hapa wengi hawaangalii. Mombasa ina meli nyingi zaidi na makontena mengi zaidi. Mwaka 2024 ilivuka makontena milioni mbili kwa kipimo cha futi 20. Kwa mwenye tunda hiyo ina maana moja: mkikosa meli, inayofuata haiko mbali sana. Hiyo ni faida halisi na ndiyo sababu maparachichi mengi ya Tanzania, hata ya nyanda za juu kusini ambako Dar iko karibu zaidi, yamekuwa yakipitia Mombasa. Lakini faida hiyo ina msimu. Kuanzia Machi hivi hadi Agosti wakulima wa Kenya nao wako shambani, na wao ni wauzaji wakubwa wa parachichi kuliko sisi. Makontena ya baridi yanagombaniwa. Kampuni ya meli ina mteja wa Murang'a anayechukua makontena kumi kwa wiki, na ninyi wa Hai mnataka moja kila wiki mbili. Mnadhani yadi itampa nani kwanza? Nimeona watu wamevuna, matunda yako kwenye chumba cha ubaridi, kontena tupu linaahidiwa kesho, kesho kutwa, Ijumaa.

Halafu ulizeni swali ambalo mawakala hawalipendi: meli inaanzia bandari gani? Meli nyingi za ukanda huu hupita Dar na Mombasa zote mbili katika safari moja. Ikiwa inapakia Mombasa kwanza kisha inakuja Dar kabla ya kuondoka, mmekimbilia kaskazini ili matunda yenu yarudishwe kusini yakiwa ndani ya meli. Hili lina uzito zaidi tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mzunguko huo unaongeza safari ya Ulaya kwa zaidi ya siku kumi. Tunda lililokuwa na siku za akiba sasa halina, na siku tatu za kuzungushwa kati ya bandari zetu mbili haziwezi kupuuzwa tena.

Tanga pia msiisahau. Kutoka kwenu haizidi kilomita 400, hakuna mpaka, na kina cha gati kimeongezwa hadi mita 13 katika mradi wa shilingi bilioni 429.1. Kinachokosekana huko ni ratiba. Kabla ya kila msimu mpigie simu wakala wa meli muulize kama kuna meli ya kudumu yenye plagi za kutosha za makontena ya baridi. Siku jibu likiwa ndiyo, barua hii yote mtaitupa.

Kuhusu kampuni ya Taveta, hapo nakataa kabisa, na wazee waliopinga hilo wapeni soda. Tunda halipati uraia kwa kusajili kampuni. Parachichi lililochumwa Machame ni la Tanzania hata likilala Mombasa mwezi. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na mamlaka ya nchi lilikolimwa, kwetu ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mkaguzi wa Ulaya anataka kuliona jina la nchi hiyo kwenye karatasi na kwenye katoni. Mkibadilisha katoni upande wa pili ili zisomeke Kenya, mmefanya udanganyifu wa asili ya bidhaa. Siku moja kipimo kikikuta masalia ya dawa na Ulaya ikafuatilia shamba, haitalipata.

Na hamna hata cha kufaidi. Kenya inaingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru kwa mkataba wake wa ubia wa kiuchumi ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Tanzania inaingiza bila ushuru pia, kwa mpango wa nchi zilizo nyuma kimaendeleo, ule unaoruhusu kila kitu isipokuwa silaha. Sifuri kwa sifuri. Kinachotakiwa kwenu ni muuzaji awe amesajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kusajili wauzaji wa nje, kwa sababu shehena ya zaidi ya euro 6,000 lazima ibebe tamko la asili kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa. Na mpango huo una sharti la kuangalia sana mkiamua kupita Mombasa: mzigo usiguswe njiani. Usifunguliwe, usipangwe upya, usichanganywe na wa mtu mwingine. Ubaki chini ya uangalizi wa forodha mpaka upande meli, na hati za safari zionyeshe hivyo. Mkifungasha upya Taveta kwa sababu kuna mtu ana katoni za bei nafuu, mnaweza kuipoteza hiyo sifuri.

Ningekuwa katibu wenu ningefanya hivi. Msimu huu kontena nyingi zibaki Dar. Mbili zijaribiwe Mombasa, na zisiwe za katikati ya msimu wa Kenya, bali za mwanzo au za mkiani, wakati makontena matupu yanapatikana. Kabla ya hapo ombeni profoma tatu kwa kila njia, na zote ziandikwe kwa kipimo kimoja: kontena moja la futi 40 la baridi, kuanzia kutoka tupu yadini hadi kupandishwa melini, jenseti ikiwemo, dizeli ikiwemo, dhamana ikiwemo, umeme wa bandarini kwa siku tatu ukiwemo. Anayewaandikia "mengineyo yatategemea" mrudishieni. Ushuru wa halmashauri, gharama za kufungasha na cheti cha mimea visiwasumbue kwenye ulinganisho huu, mtavilipa vilevile popote mtakapopita.

Jumla mkishaipata, gawanyeni kwa kilo 21,120 na muandike senti kwa kilo, kwa sababu ndiyo lugha ambayo mkulima wa miti arobaini anaielewa. Pembeni yake wekeni safu ya pili: saa ngapi zimepita tangu tunda la kwanza kuchumwa hadi meli kung'oa nanga. Hii haipatikani kwenye profoma, mtaiandika wenyewe kwa kontena zote, za Dar na za Mombasa. Mpeni kijana wa hesabu hiyo kazi, ataipenda, na safari ya kwanza ya Mombasa apande lori aende nalo.

Profoma zikija, tafuteni kwanza mstari wa jenseti. Mkikuta haupo, mpigieni simu aliyeileta kabla hamjasoma jumla.